LED kwenye indiketa na taa za nyuma za gari la zamani: dalili, chanzo na tiba

Globu ya kawaida ya wati 21 kwenye taa ya nyuma ya Land Rover 109, Peugeot 404 au Land Cruiser ya miaka ya 1970 hufanya kazi nne, na wengi tunaijua moja tu. Inatoa mwanga. Inavuta umeme wa kutosha kuifanya flasha (kifaa kinachokata na kuunga umeme ili indiketa ikonyeze) ipige. Ikiwa imezimwa, uzi wake wa ndani unakuwa njia ya umeme kwenda kwenye bodi. Na joto lake linakausha unyevu ndani ya taa. LED inafanya ile ya kwanza, tena vizuri kuliko globu, lakini tatu zilizobaki inaziacha. Dalili nyingi zilizo hapa chini chanzo chake kiko kwenye hizo tatu, kwa hiyo kabla ya kurudisha LED dukani na kulaumu muuzaji, jiulize ni kazi ipi imebaki bila mfanyaji.

Kwanza hakikisha umenunua kinacholingana na gari. Pima betri: Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na malori kadhaa ya zamani ni ya volti 24. LED ya volti 12 kwenye gari la volti 6 haitawaka au itawaka kama kimulimuli. Kwenye volti 24 itaungua. Kisha angalia ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Land Rover za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, na zingine bado ziko hivyo. LED ya kawaida inataka ganda lake liwe hasi, kwa hiyo kwenye gari la namna hiyo haiwaki kabisa, na kuigeuza haiwezekani kwa sababu kitako kina mkao mmoja. Nunua LED isiyochagua chanya na hasi, au geuza mfumo wa gari zima kwanza.

Vitako vya globu vinavyokutwa mara nyingi ni vitatu. BA15s ina kitone kimoja chini na pini mbili za ubavuni zilizo usawa mmoja. Hiyo ni ya indiketa. BAY15d ina vitone viwili, na pini moja iko juu kidogo kuliko mwenzake ili isiingie kinyume. Hiyo ni ya breki na paki pamoja, wati 21 na wati 5. BA9s ni ile ndogo ya paki za mbele na dashibodi. Holda za zamani sana zina BA15d, vitone viwili lakini pini usawa mmoja, na hizo zinakubali kuingizwa kinyume. LED za BA15s na BAY15d zinapatikana hata kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Pima urefu wake kabla ya kulipa: ikizidi globu ya zamani kwa sentimita moja, lenzi haitafunga.

Indiketa inawaka moja kwa moja, haikonyezi

Flasha ya zamani haina akili yoyote ndani. Ina kipande cha chuma kinachopata joto kutokana na umeme unaopita kuelekea kwenye taa, kinajikunja au kurefuka, kinafungua au kufunga mkato, kinapoa, kinarudi. Globu mbili za wati 21 kwa volti 12 zinavuta ampea 3.5. LED mbili zinaweza kuvuta ampea 0.2 hadi 0.8 kwa jumla, na umeme huo hautoshi kukipasha joto kile chuma. Kwa hiyo LED zinawaka na kukaa hivyo hivyo, au kwa aina fulani za flasha zinawaka kwa mwanga hafifu bila kupiga.

Tiba ni kubadilisha flasha, kuweka ya elektroniki iliyoandikwa kuwa ni ya LED. Hapa ndipo watu wanapokosea waya, kwa hiyo twende polepole. Flasha ya Lucas yenye miguu mitatu imeandikwa B, L na P: B ni umeme unaoingia, L unakwenda kwenye swichi ya indiketa, P unawasha taa ndogo ya dashibodi. Flasha nyingi za elektroniki za Kijapani nazo zina miguu mitatu, ila herufi ni B, L na E, na E ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Ukichomeka waya wa P kwenye mguu wa E kwa sababu tu umekaa mahali palepale, flasha haitafanya kazi, maana haina ethi ya kweli. Ukiweka B mahali pa E, fyuzi inaweza kukatika au flasha ikaungua. Kwenye magari ya Kijerumani namba ni 49 kwa umeme unaoingia, 49a kwa unaokwenda kwenye swichi na 31 kwa ethi.

Usiamini rangi za waya kwenye gari lililopita mikono mingi. Chomoa flasha ya zamani, fungua swichi ya ufunguo, weka mita kwenye volti 20 na mguu wake mweusi kwenye chuma kisafi cha bodi. Waya unaoonyesha volti 12 ndio B. Sasa unganisha B na L kwa kipande cha waya huku indiketa ya kushoto ikiwa imewekwa: taa za kushoto zikiwaka, umeipata L. E huwa haipo kwenye gari lililokuwa na flasha ya joto, hivyo vuta waya mpya mweusi hadi kwenye boliti la chuma tupu.

Indiketa zikipona lakini hazadi (indiketa zote nne kwa pamoja) inakataa kukonyeza, gari lako lina flasha mbili. Ya pili mara nyingi imejificha nyuma ya dashibodi, upande mwingine kabisa. Nayo ibadilishe.

Inapiga haraka kama ina pupa

Flasha hii tayari ni ya elektroniki, ila ni ile inayopima mzigo. Ikiona umeme kidogo inadhani globu moja imeungua, inaongeza mwendo ili kumwambia dereva. Mwendo unaokubalika ni kukonyeza mara 60 hadi 120 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya mkononi. Kama ni upande mmoja tu unaokimbia na LED ni zilezile pande zote, usiguse flasha. Upande huo una taa moja isiyowaka.

Kuna njia ya kuweka rezista (kipande kinachokinza umeme) ya omu 6 yenye uwezo wa wati 50 sambamba na kila indiketa. Inafanya kazi, lakini fikiria inavyofanya: kwa volti 13.8 inavuta ampea 2.3 na kutoa joto la wati 32 hivi kila inapowaka. Umeondoa globu ya moto ukaweka kipande cha moto mahali usipopaona. Tunaikubali pale tu ambapo flasha haiwezi kubadilishwa. Hapo ifunge kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na waya, plastiki na zulia, na usiifunge kwa tepu hata siku moja. Magunia ya dagaa makavu yakiegemea rezista kama hiyo ndani ya Land Rover ya mizigo, hazadi ikiachwa inapiga njiani, ni hatari ya wazi.

Ukiweka kushoto, zinakonyeza zote nne

Hii ndiyo inayowachanganya mafundi wengi, nayo ni kazi ya tatu ya globu iliyokosa mfanyaji. Tafuta kama dashibodi ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili. Kwenye magari mengi ya hivyo taa hiyo haina ethi yake. Mguu mmoja umeshikwa kwenye waya wa kushoto, mwingine kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye taa ndogo, unaingia waya wa kulia, unapenya kwenye nyuzi za globu za kulia zilizopoa, ambazo ukinzani wake ni chini ya omu 1, unafika kwenye bodi. Globu za kulia haziwaki kwa sababu umeme huo ni mdogo mno kwao.

LED ni kinyume. Umeme huo mdogo unaitosha, kwa hiyo upande wa kulia nao unawaka.

Tiba: diodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007, ambazo kwenye duka la vipuri vya redio ni vitu vya bei ndogo sana. Chomoa waya mbili kwenye taa ya dashibodi. Waya wa kushoto uchomee kwa risasi kwenye upande usio na mstari wa diodi ya kwanza, waya wa kulia kwenye upande usio na mstari wa diodi ya pili. Pande mbili zenye mstari zikutanishe na uzipeleke kwenye mguu mmoja wa taa. Mguu wa pili wa taa upeleke kwenye ethi. Vika kila kiungo mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Gari ambalo chanya iko kwenye bodi, geuza diodi zote mbili.

Magari yenye flasha ya Lucas ya mguu wa P hayana ugonjwa huu, lakini yana wake: ukiweka flasha mpya isiyo na P, taa ya dashibodi inakufa. Diodi hizohizo mbili zinaifufua, ukichukua waya kutoka kwenye swichi ya indiketa, kushoto na kulia.

LED inacheza barabarani, inazima, inarudi ukipiga kofi bodi

Ethi. Na hapa tunaomba usiwe na haraka, kwa sababu gari la kando ya Ziwa Victoria lina maisha yake. Pikapu zinazochukua sangara kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, zinachuruzika maji ya barafu yenye utelezi wa samaki kutwa nzima, na kwenye mialo midogo gari hurudishwa kinyumenyume hadi matairi ya nyuma yaingie majini. Maji hayo yanapanda kwenye taa.

Fungua skrubu za lenzi, toa globu, tazama ndani ya holda kwa tochi. Utaona kisahani cha faiba chenye vichwa viwili vya shaba, na springi nyuma yake. Kisukume kwa ncha ya kalamu: kinatakiwa kurudi chenyewe. Kikikwama, springi imeliwa na kutu. Angalia ukuta wa holda, kama una unga wa kijani. Na nyuma, pale taa inaposhikana na bodi ya aluminiamu ya Land Rover, tafuta unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Globu ya wati 21, kwa nguvu ya umeme wake, ilikuwa inapenya kidogo kwenye uchafu wa namna hiyo. LED haina nguvu hiyo, inacheza tu.

Kupima ethi kuna mtego. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 1. Globu ya wati 21 ikiwaka, hapo zinapotea volti 1.5 hivi na mita inaonyesha. LED ikiwaka, inapotea 0.2 tu, na utasema ethi ni nzima. Kwa hiyo rudisha globu ya zamani kwa muda, iwashe, weka mguu mmoja wa mita kwenye ganda la holda na mwingine kwenye ncha hasi ya betri. Chini ya volti 0.2 ni safi. Zaidi ya 0.5, usiendelee na LED mpaka uitengeneze.

Namna ya kuitengeneza: toa waya wa betri. Viringisha msasa namba 400 kwenye penseli, sugua ndani ya holda hadi chuma king'ae. Futa kwa kitambaa. Chomea waya mweusi wa milimita za mraba 1.5 kwenye ganda la holda, upeleke hadi kwenye chesisi, usiishie kwenye bodi ya aluminiamu. Weka kichwa cha pete, washa ya meno chini yake, kaza boliti, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokazwa. Fanya kushoto na kulia, kila taa na waya wake. Kazi hii ni ya saa mbili na inaondoa matatizo mengi kuliko LED yoyote ya bei ghali.

Dalili ndugu yake: paki ya LED inafifia kila indiketa inapowaka, kwa mdundo uleule. Indiketa bado ni globu, ethi yao ni moja na ni mbovu. Tiba ni hiyohiyo.

Ukikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka

Ethi ikishakuwa nzima na hili likabaki, LED yenyewe inavujisha. Ndani ya LED duni ya BAY15d, njia ya breki na njia ya paki zimekutanishwa bila diodi ya kuzitenganisha, hivyo umeme wa breki unarudi nyuma kwenye waya wa paki. Chomoa LED moja, kanyaga tena. Inayoondoa dalili ikitolewa ndiyo yenye kosa. Ibadilishe, au weka 1N4007 kwenye waya wa paki, mstari ukielekea kwenye LED, mradi waya huo unalisha LED peke yake.

Breki na paki zinafanana

Hili halina mjadala: gari lenye breki isiyoachana na paki lisitoke usiku. Globu ilikuwa na wati 21 dhidi ya 5, tofauti ya wazi. LED nyingine zinawasha chipu (vidoto vya mwanga) zilezile kwa nguvu karibu sawa. Au holda ni BA15d na umeiingiza kinyume, hapo paki ndiyo itakayokuwa kali kuliko breki. Igeuze nusu mzunguko ujaribu tena.

Jaribu mchana. Mtu asimame hatua 30 nyuma ya gari, paki ikiwa imewashwa, nawe kanyaga breki bila kumwambia. Akisita kusema umekanyaga, LED hiyo haifai. Jaribio kali zaidi ni jioni, kwenye barabara ya Musoma kuelekea Igoma na Kisesa, jua la magharibi likiipiga lenzi ya nyuma moja kwa moja. LED inayoonekana wakati huo itaonekana saa yoyote.

Kama mwanga upo ila hauenei, tazama chipu zimeelekea wapi. Dishi la taa ya zamani lilichorwa kwa ajili ya uzi unaomwaga mwanga kila upande. LED yenye chipu kichwani tu inatoa kitone kikali katikati na giza pembeni. Tafuta yenye chipu ubavuni pia, zikae kimo kilekile ulipokuwa uzi. Faida ukiipata ni kubwa: LED inawaka papo hapo, globu inachelewa kama sekunde 0.2 kupata moto. Kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita 4 na zaidi ambazo dereva wa nyuma anapewa bure.

Rangi imekuwa ya waridi, au indiketa imepauka

Umeweka LED nyeupe nyuma ya lenzi ya rangi. LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Nyekundu iliyomo ni kidogo, na lenzi nyekundu inazuia rangi nyingine zote. Nyekundu kwa nyekundu, ya chungwa kwa ya chungwa. Isipokuwa taa ya nyuma yenye kidirisha cheupe cha kumulika namba ya gari: LED nyekundu humo inafanya bati la namba liwe jekundu, na trafiki atakuwa na haki ya kukusimamisha. Kwenye hiyo weka LED nyeupe nzuri au iache na globu yake.

Umezima, lakini inabaki na mwanga hafifu

Kuna umeme kidogo unaovuja, kwenye swichi iliyojaa masizi, kiungo chenye unyevu au ndani ya flasha ya elektroniki. Globu isingeonyesha. Safisha swichi na viungo. Ikibaki, weka rezista ya omu 1,000 ya nusu wati sambamba na LED. Hii haipati moto.

Zinakufa baada ya wiki mbili

Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 2,000 hivi, pima betri. Volti 13.8 hadi 14.5 ni salama. Zaidi ya 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) inahitaji fundi, hasa kwenye gari la dainamo lenye regyuleta ya mikato. Globu zilikuwa zinavumilia, LED haivumilii. Ukinunua nyingine, chagua iliyoandikwa volti 10 hadi 30.

Ukungu ndani ya lenzi kila asubuhi

Globu ilikuwa inaukausha, sasa hakuna joto. Badilisha mpira wa lenzi, na kama taa haina tundu la kutolea maji, toboa la milimita 3 sehemu ya chini kabisa. Usizibe lenzi yote kwa silikoni. Unyevu ulio ndani utakosa pa kutokea, na masika ikiisha utakuta holda imeoza.

Redio inanguruma taa zikiwashwa? LED duni tena. Chomoa moja moja hadi umpate mkosaji.

Na taa moja usiiguse: ile nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Kwenye gari la alterneta, umeme unaopita kwenye globu yake ya wati 2.2 ndio unaoamsha alterneta injini inapowashwa. Ukiweka LED hapo, alterneta inaweza kulala hadi ukanyage mafuta kwa nguvu, au isiamke kabisa, na betri itakuishia njiani.